Mwalimu Emerensiana na Ndoo ya Maji kwenye Mizani ya Kahawa

Wasifu wa marehemu Mwalimu Emerensiana Kilian Ndunguru (Mama Hamphrey), 1953–2002. Unasomwa na kaka yake, Pankras Kilian Ndunguru, Ngumbo, Jumatatu tarehe 4 Machi 2002.

Ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Wenyeji wetu Waanglikana, Bwana asifiwe. Naitwa Pankras, mkulima wa kahawa kutoka Lugalika, kule juu milimani Mbinga. Marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja. Jana kikao cha familia kilinikabidhi wasifu uliokwisha kuandikwa vizuri, na katikati yake mlikuwa na maneno haya: “Mwaka 1997 alihamishwa kikazi kuja Ngumbo.” Nikawaambia hayo siyasomi. Mwalimu hakuhamishwa kikazi. Aliondolewa Lugalika kwa uongo, akaishi miaka mitano akiomba uongo huo ufutwe, na amekufa haujafutwa. Kwa hiyo nimeuandika upya, na ofisi ya kanisa wameupiga chapa leo asubuhi. Kama wino umefifia, mtusamehe.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 13 Septemba 1953, kijijini Lugalika, mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Kilian Ndunguru na Mama Bonifasia. Wawili wa katikati walichukuliwa na surua, tukabaki mimi na yeye. Tangu utoto alikuwa na jicho la kupima. Ninyi wa ziwani huenda hamkijui kilimo chetu cha ngolo. Wanaume tunalaza majani shambani kwa miraba, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, na kila binti anapewa idadi yake ya mashimo. Siku moja, akiwa na miaka kumi hivi, aliweka jembe chini akaanza kutembea kwenye miraba yangu akihesabu nyayo. “Kaka,” akasema mbele ya watu, “miraba ya Baba ni nyayo nane. Ya kwako kumi na moja. Unatuchosha sisi ili wewe umalize mapema.” Nilitaka kumkimbiza na fimbo! Baba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniamuru nipange upya shamba zima. Nilinuna siku mbili.

Alianza darasa la kwanza pale Lugalika mwaka 1961, akamaliza la nne mwaka 1964, halafu akaenda shule ya bweni ya masista hadi la saba, mwaka 1967. Akakaa nyumbani miaka mitatu kwa sababu Baba alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa nimeshaoa. Sikumsikia akilalamika. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1973. Siku aliyorudi na cheti, Mama alikifunga kwenye khanga akazunguka nacho kijiji kizima akiwaonyesha hata wasiojua kusoma.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kitai, kuanzia Januari 1974. Ndipo alipokutana na fundi seremala kutoka huku Ngumbo, Bwana Jastin Haule, aliyekuja kutengeneza madawati ya shule. Baba hakufurahi. Mkatoliki wa milimani aolewe na Mwanglikana wa ziwani? Siku ya kujitambulisha alimuuliza mkwe wake, “Hivi ninyi mnafunga Kwaresima kweli?” Shemeji akajibu, “Mzee, sisi tunafunga hata nje ya Kwaresima, samaki wakigoma.” Hapo Baba akaagiza kuku akamatwe. Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1978, na Mungu akawajalia watoto wawili, Hamphrey na Glorious. Mwaka 1980 Mwalimu alihamishiwa Lugalika nyumbani, akafundisha Hisabati, na mwaka 1991 akawa Mwalimu Mkuu Msaidizi. Shemeji alimfuata, akaweka meza yake ya useremala nyuma ya nyumba yangu. Tuliishi vizuri sana, jamani.

Sasa nifike kwenye lililonileta mbele yenu.

Mnamo mwaka 1994 biashara ya kahawa ilifunguliwa. Zamani tuliuza kwa chama cha msingi, tukasubiri malipo mpaka tukasahau tulichouza. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wanapima, wanalipa, wanaondoka. Tulishangilia, na nani angetulaumu? Wa kuuliza habari za mizani yao hakuwepo. Mwalimu ndiye aliyeuliza, tena hakumuuliza mnunuzi. Aliwauliza watoto.

Darasani kwake, Darasa la Tano, alianzisha duka. Mizani ilikuwa kijiti na makopo mawili ya maziwa. Wiki hii wewe muuzaji, wiki ijayo mnunuzi, ili kila mtoto aonje pande zote mbili. Muuzaji alilazimika kutangaza kwa sauti kasoro ya mali yake: “Maharage yangu yana wadudu!” Mnunuzi alilazimika kuonyesha kwamba kopo lake halina kitu kabla ya kupima. Mtoto akipunja, anahama duka, anakaa nje ya dirisha akitazama wenzake wakiuziana. Hakuwapendelea wakulima pia. Binti yangu Yuliana, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alirudi siku moja akaniambia, “Baba, shangazi anasema kunyunyizia kahawa maji ili iwe nzito ni wizi.” Nikamjibu shangazi yako ale chaki zake aniache. Nilikuwa nanyunyizia, ndiyo. Wengi tulikuwa tunanyunyizia.

Msimu wa 1996 wakala mmoja wa wanunuzi alikuja kijijini, akapanga stoo yangu, akaning'iniza mizani yake kwenye boriti ya baraza langu. Nilivimba kichwa. Watu walinipita wakiniita Mzee wa Kampuni, nami naitika. Jumanne tarehe 20 Agosti, Mwalimu alileta darasa lake. Alikuwa amewafundisha kwamba lita moja ya maji ina kilo moja. Walikuwa wamejaza ndoo ya lita ishirini, wakapita nayo zahanati, wakaitundika kwenye mizani ya kliniki ya watoto. Ikasoma kilo ishirini na moja, maji pamoja na ndoo yenyewe. Yuliana ndiye aliyeibeba kichwani hadi kwangu, na mimi, mikono hii, ndiye niliyemtua.

Mwalimu alisalimia vizuri, akaomba ruhusa ya kupima, kwa somo tu. Wakala alikuwa anakunywa chai, akacheka, akasema pimeni. Ndoo ikatundikwa. Ikasoma kumi na saba. Yuliana akauliza, “Kilo nne zimekwenda wapi?” Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anavyouliza. Lakini foleni ya wakulima ilikuwa pale pale na magunia yao, na kila mtu alisikia.

Kesho yake wakala alifunga virago. Kabla ya kupanda gari alinivuta pembeni. “Mzee, mizani yangu ni nzima. Hao watoto walipunguza maji. Ukilisimamia hilo, msimu ujao nitarudi kwako. Usipolisimamia, stoo yako ibaki na panya.” Akaondoka, na wanunuzi wengine wote wakaacha kuja, kwa kuwa walipeana habari kwamba Lugalika kuna mwalimu mchochezi. Magunia yakalala majumbani. Wenye nguvu walibeba kahawa kichwani hadi vijiji vya mbali wakaiuza kwa bei ya kutupa. Wengine mvua iliwakuta, ikaota ukungu. Januari iliyofuata watoto wa Lugalika walirudishwa kutoka sekondari kwa kukosa ada, na mama zao wakaja kusimama mlangoni kwa Mwalimu wakilia na kumtukana. Aliwafungulia kila mara. Aliwakaribisha waketi.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mkutano wa kijiji, Jumamosi tarehe 31 Agosti 1996. Uwanja ulijaa hadi barabarani. Mwenyekiti akauliza, nani mtu mzima aliyeiona ndoo kwa karibu? Macho yote yakaja kwangu. Mwalimu alisimama akasema maneno machache tu, “Kaka, waambie ulichokiona.” Alikuwa na imani nami. Hilo ndilo linaloniua. Alisema vile akiwa ametulia, na vidole vina chaki, kana kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu shahidi ni kaka yake.

Nikasema ndoo haikujaa. Nikasema watoto waliyamwaga maji njiani.

Sikumtazama. Niliketi. Nilisikia mtu akisema, “Ametuangamiza huyu mama!” na uwanja mzima ukaitikia. Barua ya kijiji ilikwenda ofisi ya elimu na jina langu likiwa la kwanza. Mwalimu alivuliwa cheo, akaletwa Ngumbo Januari 1997, akapewa Darasa la Kwanza, kuimba na michezo, na onyo la maandishi asiguse habari za biashara. Siku ile ya mkutano nilipofika nyumbani, Yuliana alikuwa amesimama jikoni. “Baba, ilijaa,” akaniambia. “Wewe ndiye uliyenitua.” Nilimpiga kofi. Mwezi ule ule wa Januari alifungasha nguo zake akashuka na shangazi yake huku ziwani, na mama yake hakumzuia.

Wakala hakurudi. Msimu ule hakuja, uliofuata hakuja, hajaja hadi leo.

Ninyi wa Ngumbo mnajua kuliko mimi namna alivyoishi hapa. Nimeambiwa aliwapeleka watoto wadogo ufukweni na makopo ya rangi, wakapimiana mchanga, na walipoulizwa walisema wanacheza. Nimeambiwa mwaka 1999 wenye vyombo vya uvuvi walilalamika kwamba watoto wanatazama mno ndoo wanazopimia usipa, hao dagaa wenu, akaonywa tena, na mchanga ukakatazwa. Nimeambiwa alianza kukaa kimya hata nyumbani. Aliandika ofisi ya elimu mara tatu, hakujibiwa. Kwangu aliandika mara mbili. Barua ya pili ninayo hapa mfukoni. Inasema, “Kaka, sitaki uniombe radhi. Nataka uandike ulichokiona, mistari miwili inatosha, niruhusiwe tena kufundisha Hisabati. Watoto hawa wanaingia sokoni wakiwa vipofu na mimi nimefungwa mdomo.” Mistari miwili! Mtu mzima mwenye kalamu ndani ya nyumba! Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja aibu ipoe.

Maradhi yalimwanza Oktoba mwaka 2000, maumivu ya tumbo na kutokwa damu. Mwaka jana Juni madaktari walisema ni saratani ya kizazi, na imekwenda mbali. Shemeji Jastin aliuza mtumbwi, kisha mbao, kisha misumeno yake. Mimi habari nilizipata Desemba. Kahawa ilikuwa imeshuka bei hadi watu wanaiacha iive na kuanguka yenyewe, nauli sina, na barabara ya kushuka ziwani ilikuwa imekatika kwa mvua. Hizo ni sababu na ni za kweli, lakini nisizitumie kujifichia. Ningeweza kutembea tangu Desemba. Nilianza kutembea tarehe 25 Februari, nikiwa na ile mistari miwili nimeiandika, nimeisaini, nimeiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

Nilifika hospitali Ijumaa tarehe 1 Machi, mchana. Yuliana alikuwa ameketi mlangoni pa wodi. Ana miaka kumi na saba sasa, sikumtambua upesi.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Amelala?”

“Hasikii tangu Jumatano.”

“Nimeleta karatasi.”

Aliipokea, akaisoma kwa kusimama, akanirudishia. “Msomee tu,” akasema. “Sisi tunamsomea zaburi hivyo hivyo.”

Nilimsomea. Nilimsomea mara nne, sikioni kabisa, kwa sauti hadi muuguzi akaja kunishika bega. Hakufumbua jicho. Mkono haukutikisika. Nilitaka hata anilaani. Mwalimu Emerensiana alifariki dunia kesho yake, Jumamosi tarehe 2 Machi 2002, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Marehemu ameacha mume, Bwana Jastin Haule. Watoto wawili, Hamphrey na Glorious. Mjukuu mmoja, Violet. Mama mzazi, Bonifasia, ambaye miguu yake haikumwezesha kushuka mlima. Yuliana, aliyemtunza hadi mwisho na ambaye hapa mbele yenu nasema hakumwaga hata tone. Na wanafunzi wa miaka ishirini na minane. Kutoka Lugalika tumekuja watu watatu.

Ameacha pia kaka. Jumapili ijayo, baada ya misa, kaka huyo atasimama Lugalika kwenye uwanja ule ule awasomee mistari hii miwili waliokuwepo, nao wamfanye watakavyo: “Ndoo ilikuwa imejaa. Mimi ndiye niliyesema uongo.”

Ee Mungu, mlaze mdogo wangu pema. Mimi usinipumzishe kwanza, nina safari ya kupanda mlima.