Mwalimu Walubengo na Swali la Kuni

Mwalimu Levi Walubengo anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia: kumi na mitatu katika shule moja ya mseto kule Bungoma, na ishirini na mmoja hapa kwetu Kitale. Mimi nafundisha Kiswahili katika darasa linalopakana na maabara yake. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Kwa hiyo naijua kemia kuliko nilivyowahi kutaka, na wanafunzi wangu wa ushairi wamezoea beti zao kukatizwa na mlio wa kitu kinachopasuka upande wa pili.

Alizaliwa Ndalu, kwa wakulima wa mahindi. Alipohamia kwetu, wasichana waliochagua kemia wangeweza kuketi benchi moja na nafasi ikabaki. Leo maabara haiwatoshi, wanaingia kwa zamu. Amekuwa mkuu wa idara ya sayansi, mlezi wa chama cha Kikristo, na kwa muhula mmoja wa huzuni, kocha wa mpira wa wavu. Hayo ya mpira tuyaache, marehemu hasemwi.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni mabadiliko ya nishati, yaani jinsi vitu vinavyotoa joto au kulimeza vinapobadilika kuwa vitu vingine. Msichana mmoja alipoteguka kifundo cha mguu uwanjani na barafu haikuwepo, Walubengo alikwenda stoo ya shamba, akatia mbolea ya CAN ndani ya chupa ya soda, akaongeza maji, akatikisa. Chupa ikawa baridi kama imetoka mtoni alfajiri. Mguu ukapoa. Mwalimu wa kilimo hakupoa, kwa sababu ile ilikuwa mbolea ya kukuzia mahindi ya shule, na hapa Trans-Nzoia mbolea haichezewi.

Mwaka mwingine alimchemshia mwalimu mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Kipkoech, yai bila moto. Alilitia yai kwenye mkebe wa maji, akauzungushia chokaa ambayo bado haijaonja maji, kisha akaimwagia maji hiyo chokaa. Ilitokota, ikafuka mvuke, yai likaiva. Bwana Kipkoech alishukuru sana, akakataa kulila. Walubengo alilila mwenyewe, kwa chumvi, mbele ya mkaguzi wa shule.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewaandikia nusu ya mtu, na yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika nusu ya pili.

Alipoanza kazi Bungoma, alifundisha kwamba joto la moto limefungiwa ndani ya vifungo vinavyoshikanisha chembe za kuni, na kwamba vifungo vikivunjwa, joto hutoka, kama mbegu zinavyotoka boga likipasuliwa. Ni maelezo matamu. Nami niliyasikia shuleni nikayaamini. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili, Nelima, aliinua mkono. Aliuliza, kama kuvunja kunatoa joto, mbona kuni hazijiwashi zenyewe? Mbona lazima tuanze kwa kuzipa joto la kiberiti?

Darasa lilicheka. Walubengo alikuwa kijana, mgeni kazini, na alidhani anachekwa yeye. Alimpa Nelima fyekeo, akamtoa nje kufyeka nyasi kando ya maabara hadi kipindi kiishe. Mwaka uliofuata, wakati wa kuchagua masomo, Nelima aliiacha kemia. Alikuwa ametaka kuwa mfamasia.

Miaka ikapita. Kwenye semina ya walimu mjini Bungoma, mtoa mada alieleza kinyume kabisa: kuvunja vifungo hula joto, siku zote. Joto la moto hutoka pale chembe za kuni zinapoungana upya na hewa. Kiberiti ndicho kinacholipia ule uvunjaji wa kwanza. Siku hiyo Walubengo hakula chakula cha mchana, na waliowahi kumwona kwenye sahani ya chapati na nyama wanajua uzito wa jambo hilo.

Akaanza kuwasaka wanafunzi wake wa zamani awarekebishe. Alimrekebisha muuza nyama wa Kiminini akiwa na kisu mkononi na wateja wakingoja. Alimrekebisha mchungaji mlangoni pa kanisa. Alimrekebisha bwana harusi kwenye foleni ya kupeana mikono, na bibi harusi akauliza huyu mzee ni wa upande gani. Tulimcheka sana ofisini. Ila aliwarekebisha wote isipokuwa yule mmoja ambaye hakuhitaji kurekebishwa. Alijua kwamba Nelima ananunua na kuuza mahindi Moi's Bridge. Kila alipokuwa na shughuli upande ule, alipitia mbali na ghala lake. Aliona haya, basi.

Muhula uliopita aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Bi. Nelima akiwaelekeza wapakiaji, akitafuna punje kupima kama zimekauka. Alitutandikia magunia tukae. Walubengo hakukaa. Alieleza kemia yote akiwa amesimama, vifungo, hewa, kiberiti, kisha akasema, "Nelima, wewe ulikuwa sahihi. Mimi ndiye nilikosea, na nikakuadhibu kwa kosa langu."

Bi. Nelima alisema kwa upole ulioniumiza kuliko hasira: "Mwalimu, hiyo swali nilishasahau. Kitu sijasahau ni vile niliacha kuuliza. Hata mama akiwa mgonjwa, daktari alieleza, sikuelewa, na mimi nikasema tu ndiyo, ndiyo. Tukamzika bila mimi kujua alikuwa anaugua nini."

Walubengo alikaa kwenye gunia na kofia mkononi, na machozi yakamtoka mbele ya wapakiaji. Nami yalinitoka.

Ni Bi. Nelima aliyetuokoa. Alitia mkono ndani ya gunia la mahindi yaliyoletwa mabichi kutoka shambani, akamwambia Mwalimu naye atie wake. Ndani kulikuwa na joto. Akamuuliza joto hilo linatoka wapi, ilhali hakuna mtu aliyewasha kitu.

Walubengo angeweza kujibu pale pale, maana mwalimu hakosi jibu la haraka. Alisema ana fununu tu, na kwamba hatakubali kumdanganya mara ya pili. Akaomba muda akasome. Wiki iliyofuata alirudi peke yake na maelezo: punje bichi bado zinapumua, sukari yake inaungana na hewa, na ukungu nao unaongeza joto lake.

Ndiyo sababu mgeni wa heshima katika sherehe hii ya leo ya kumuaga hakutoka ofisi ya elimu. Mwalimu aliulizwa anataka nani, akasema anataka mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, na kwamba badala ya hotuba ya kuaga atafundisha kipindi kimoja cha mwisho.

Tunakushukuru, Mwalimu Walubengo, wewe pamoja na mkeo, mama Edah, aliyevumilia harufu ya salfa kwenye mashati yako. Mungu akupe afya na mvua ya wakati wake kule Ndalu. Uzeeke ukicheka. Lakini usiketi bado. Bi. Nelima yuko mstari wa mbele, anasema jibu ulilompelekea halikumtosha, na mkono wake uko juu.