Fundi Izidori na Injini Iliyokataa Kukiri

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mnaochambua kahawa barazani, mnaoanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, ufukweni Mbaha, poleni na kazi. Leo tunamkumbuka Fundi Izidori Ndunguru wa hapa Mbinga mjini. Fundi wa malori ya dizeli. Tumemzika juzijuzi tu, udongo bado mbichi.

Wengi mtamkumbuka kwa mikono yake. Mimi nataka mumkumbuke kwa jambo moja alilolitafuta mpaka pumzi ikamwishia, wala hakulipata. Nimeshaonywa kwamba nikilisema redioni nachochea watu. Sawa. Sogezeni viti.

Izidori alizaliwa Namswea, kwenye mashamba ya ngoro, yale ya mashimo milimani, mtoto wa wakulima. Ufundi aliuokota barabarani, kwa kufungua vilivyoharibika. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anasema, "Nozeli ya tatu." Wanafungua. Ni ya tatu.

Hizo zilikuwa injini za zamani. Mwenyewe alipenda kusema, "Zamani injini ina pampu, pampu ina skrubu, na skrubu ina mwenyewe." Mwenyewe ni yeye.

Kisha yakaja malori ya kompyuta. Kwa wasiojua, nieleze. Malori haya yana kasha la chuma limefungwa ubavuni mwa injini. Ndilo linaloamuru dizeli iende au isiende. Kasha linapelekewa habari na sensa, vidude vidogo kama kizibo cha soda, kwa kupitia nyaya. Habari ikikatika, kasha linakata dizeli. Injini inakufa. Taa ya manjano inawaka mbele ya dereva, na kosa linabaki limehifadhiwa ndani ya kasha. Kasha lina kumbukumbu. Shikeni neno hilo.

Izidori akanunua mashine ndogo ya kusomea makosa. Bisibisi haikusikia kitu tena, ikabidi asome. Na kama mafundi wengine wote wa mji huu, akajifunza na adabu yake: ukimaliza kazi, unafuta. Unabonyeza, kumbukumbu inasafishwa, taa inazimika. Wenyewe wanaita kuosha. Gari haliondoki gereji na taa inawaka, ni aibu, ni kama kumpa mgeni sahani yenye masizi. Mteja akiona taa imezimika, anasema fundi ameponya.

Sasa aingie Clemence Nombo. Clemence alikuwa mtu wa Mbaha, wa kule ziwani. Alimwoa Lusia, mdogo wake Izidori wa kumfuata. Alikuwa dereva wa lori la kikundi cha wakulima wa Maguu. Msimu wa kahawa anabeba kahawa. Msimu ukiisha, anashusha mahindi na maharage ziwani, anapandisha usipa. Mtu wa utani, hacheki yeye, mnacheka ninyi.

Lori likaanza kumfia njiani. Si popote. Kwenye kona za kushukia ziwani, likiwa na mzigo, likiwa limepata moto. Analipeleka gereji, linanguruma vizuri kabisa.

"Imekufa wapi, shemeji?" Izidori anauliza.

"Palepale. Likiegemea kushoto kwenye kona, inakata. Nikisimama nikavuta sigara moja, inawaka kama haikusema kitu."

"Hapa mbona haikati?"

"Hapa kuna kona? Niletee mlima humu gereji, nikuonyeshe. Wewe, shemeji, ni daktari unayempima mgonjwa akiwa amelala."

Vijiwe vyote vilicheka. Izidori alicheka pia. Lakini mashine ilikuwa inamwambia jambo lilelile kila mara: habari ya mzunguko wa injini imepotea. Akabadilisha sensa inayopeleka habari hiyo. Akafuta. Taa ikarudi. Akabadilisha tena, akafungua soketi, akaisafisha, akazitikisa nyaya kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, huku injini inaunguruma. Haikukata. Akafuta. Taa ikarudi. Kila mara alifuta, wasikilizaji. Narudia, kila mara alifuta, kwa adabu tu ya kazi.

Asubuhi ya mwisho Clemence alipita na mzigo wa mahindi. Taa inawaka. Izidori alikuwa chini ya lori la mtu mwingine, mafuta mpaka kwenye nyusi. Akatoka, akachomeka mashine, akasoma kilekile, akabonyeza. Taa ikazimika.

"Nenda nalo," akasema. "Ukirudi nafumua nyaya zote, hata wakinuna wenye lori."

Clemence akaitazama dashibodi. "Umeiosha uso, shemeji. Tabia je, imeoga?"

Akaondoka. Alikuwa peke yake ndani.

Kwenye kona zilezile lori lilimshinda. Likatoka barabarani, likaingia korongoni. Clemence alifia pale.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Akaja mtaalamu na kompyuta yake kuchunguza. Mtu mpole, sina ugomvi na upole wake. Akalisoma kasha. Likatoa makosa chungu nzima, yote ya siku ileile, maana lori likibiringika linakata nyaya kila mahali. Kosa la mzunguko wa injini lilikuwemo, katikati ya mengine.

Izidori akamwambia, "Hilo hapo. Hilo ndilo limemuua. Halikuanza siku ya ajali."

"Hapa linaonekana mara moja tu, mzee. Siku ya ajali. Huko nyuma hakuna kitu."

"Lilikuwepo. Nimelifuta mimi."

Mtaalamu akamtazama. "Wewe na marehemu mnahusianaje?"

"Ameoa kwetu."

"Pole sana, mzee," akasema mtaalamu, akafunga kompyuta.

Kijiti cha gia kilikutwa kimetoka kwenye gia. Basi ripoti ikasema dereva aliweka frii mteremkoni ili aokoe dizeli. Hakuna aliyeuliza kama mtu injini ikimfia, breki ya injini ikaondoka nayo, usukani ukawa mgumu kama mwamba, hataparamia gia kutafuta ya chini, kijiti kikabaki katikati. Hakuna. Ikaandikwa: uzembe wa dereva. Ninayo kumbukumbu ndefu, ndugu zangu. Nimesikia ajali nyingi zikisomwa, na anayepatikana na hatia ni yuleyule, asiyeweza kuamka akajibu.

Mnajua maneno yanavyotembea kwetu. Yalifika Mbaha kabla ya jeneza. Watoto wa Clemence shuleni wakaitwa Frii. "Frii, njoo!" "Frii, kaa!" Mama mzazi wa Clemence akaacha kwenda kwenye sala za jumuiya, kwa sababu gunia moja la mahindi yale lilikuwa la mwenyekiti wa jumuiya, na mwenyekiti alikuwa anamwangalia. Basi hilo ndilo lililokuwa limebaki mezani: jina la Clemence. Na mtu pekee aliyejua kwamba jina hilo ni safi ndiye aliyefuta ushahidi wake.

Izidori akaomba kile kichwa cha lori, pamoja na injini yake. Wakampa, chuma chakavu. Akakiweka uani, nyuma ya nyumba yake, juu ya mawe. Akakataza mtu asikiguse, asikisogeze hata kidogo. "Ni ushahidi," alisema. Akaunga nyaya zilizokatika, akafunga tangi dogo, akawasha.

Ikawaka. Ikanguruma vizuri.

Tangu siku ile kazi ya Fundi Izidori ikageuka. Mtu aliyeishi kwa kufufua injini akawa anakaa mbele ya injini akiisubiri ife. Kila siku, jua likishapanda, anaiwasha, anaiacha ipate moto, anakaa kwenye kigoda na mashine yake mkononi. Safari hii hafuti. Safari hii anataka mashahidi, aisome mbele za watu, aipeleke kwa waliosema frii. Anamwagia injini maji ya moto. Anapiga kasha kwa mpini wa nyundo, polepole. Anatikisa nyaya. Inanguruma.

Mkewe, Mama Benadetha, ameniambia hivi: "Nilikuwa nasikia anaibembeleza. Kufa basi. Kufa mara moja tu, nikuache upumzike. Nikadhani anaongea na mtu."

Kuna siku alimwambia mkewe jambo lililomtoa usingizi. "Nyaya zilizokatika nimeziunga mimi. Pengine na ule mbovu nimeuunga. Pengine kosa lenyewe nimelitengeneza, Mama Benadetha, kwa mikono hii." Halafu akacheka, kicheko kisicho na mtu ndani yake. "Kwa mara ya kwanza nimeweza."

Lusia alikuwa anakuja na uji, anakaa pembeni. Hakuwahi kumlaumu kaka yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningemlaumu angepata la kujibu. Kaka hakuwa na jibu. Nikaona tukae tu."

Wakawa wanakaa. Injini inanguruma. Uji unapoa.

Kifua kilimwanza wakati wa baridi. Mama Benadetha alimsihi aachane na moshi ule. Aliendelea kutoka na blanketi mabegani. Siku ya mwisho hakuweza kutoka, akaomba Lusia akaiwashe, naye aisikilize kupitia dirishani. Aliisikiliza mpaka akalala. Hakuamka. Injini ilikuwa bado inanguruma, ikabidi wamlilie kwa sauti ya juu.

Mimi nilikuwepo msibani. Wapishi walihitaji nafasi ya masufuria, na turubai lilikosa pa kutandwa. Wanaume wakakishika kile kichwa cha lori, wakakitoa juu ya mawe, wakakisukuma hadi ukutani. Kikakaa upande, kimeegemea kushoto. Hakuna aliyefikiri lolote. Mwenye kukataza alikuwa ndani ya sanduku.

Siku ya kuondoa tanga, Lusia akasema, "Iwasheni. Kaka alikuwa anaiwasha saa hizi." Ikawashwa. Ikanguruma huku tunakula. Ugali mkononi, tunazungumza habari za mvua.

Ikakata.

Haikukohoa. Ilikata kama mtu aliyezibwa mdomo. Lusia alikuwa amebeba sahani, akaziweka chini moja moja, asivunje hata moja. Mtu akasema dizeli imeisha. Nikaenda mwenyewe kuangalia tangi. Dizeli ilikuwepo, zaidi ya nusu. Kwenye dashibodi iliyopasuka taa ya manjano ilikuwa inawaka.

Lusia akakimbilia ndani kwa wifi yake kuulizia ile mashine ya kusomea. Alipotoka, akakuta Zabron ameshika mashine hiyo mkononi. Zabron ni fundi wa gereji ya jirani, rafiki wa marehemu tangu ujana. Alikuwa anafuta machozi.

"Imesemaje, kaka Zabron?" Lusia akauliza. "Imesemaje?"

"Imetulia, dada yangu. Nimeshaiosha." Na akaongeza, kwa upendo kabisa, "Nisingeweza kumwacha Izidori aende na taa inawaka."

Lusia aliitazama taa iliyozimika.

Wakaiwasha tena. Wakakisukuma kichwa cha lori kulia, wakakirudisha kushoto, wakakiinua, wakakiangusha, Zabron akilia mbele ya wote. Inanguruma. Mpaka leo inanguruma.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mama Benadetha na nyumba nzima ya Ndunguru, hapa Mbinga na Namswea. Tunampa pole Lusia, aliyezika mume na kaka. Pole kwa mama yake Clemence kule Mbaha. Mama, rudi jumuiya, kaa mbele. Pole na wewe Zabron. Mkono wako ulifanya ulichofundishwa, kama wake.

Na sisi tuliobaki tujiulize: tumeosha mangapi kwa adabu? Ukiona taa inawaka, mwite na mwenzako aione, kabla hujabonyeza. Na wale waliosema frii wajue tulikuwa wengi uani siku ile, tumeshika ugali, na masikio yetu hayana kitufe. Sina karatasi ya kuwapelekea. Nina redio hii tu.

Clemence Nombo hakuweka frii. Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia: Clemence Nombo hakuweka frii.