Mama Zipora, Mwinjilisti wa Warina Asali

Tarehe 31 Desemba 1987, Mwinjilisti Zipora Ndaki anatimiza miaka ishirini na minne ya utumishi katika jimbo letu na kustaafu rasmi. Wengi mtakaoshika karatasi hii leo hapa Nyarugusu mnamfahamu kama yule mama mfupi mwenye sauti kubwa, anayewasalimia wachimbaji kwa majina yao na kuwauliza mbele za watu kwa nini hawakuonekana kanisani Jumapili iliyopita. Wachache mnajua alikuwa wapi kabla ya kuja kwetu. Mimi nimefanya kazi chini yake tangu mwaka 1979, nikaombwa niandike habari zake. Yeye mwenyewe alinipa sharti moja tu: "Onesmo, usinifanye malaika. Watu watacheka ibadani." Nitajitahidi.

Mama Zipora alizaliwa Bugarama, katika nyumba ya wakulima wa Kisukuma. Aliolewa kijana, mumewe akafariki mapema, na hawakujaliwa mtoto. Badala ya kurudi kwa wazazi akajiunga na chuo cha Biblia. Januari 1964 jimbo lilikuwa likitafuta mtu wa kwenda katika msitu ulio magharibi ya Ushetu, walikoishi Wasumbwa warina asali, kila ukoo na mji wake, mbali na barabara na mbali na zahanati. Wahubiri wawili waliotangulia walikuwa wamesharudi. Walikuwa wamewaambia wenyeji kwamba baba zao wote wanateketea motoni. Wenyeji waliwasikiliza kwa adabu, wakawapa asali, wakawaonyesha njia ya kurudi walikotoka.

Zipora akanyoosha mkono. Wazee wa kanisa walitazamana, kwa kuwa hapakuwa na mwanaume yeyote aliyenyoosha wake.

Jumapili yake ya kwanza msituni bado inasimuliwa kule. Alikuwa amejipaka mafuta mazuri ya kunukia, kama mtu anayekwenda ibadani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyuki hawapendi manukato. Wimbo wa kwanza haujaisha, kundi likamshukia. Mwinjilisti wetu alikimbia moja kwa moja hadi kwenye bwawa la kunyweshea mbuzi akazama mpaka shingoni, kitabu cha nyimbo akikishikilia juu ya kichwa. Wanaume waliokuwa wamekaa mbali kwa mashaka walicheka hadi wakashindwa kusimama. Ibada iliishia hapo. Lakini jioni ile watu walikuja kumpa pole, na bibi mmoja aliyeitwa Nyanzala, mjane aliyemiliki mizinga yake mwenyewe, alikaa naye akamtoa miiba mmoja mmoja.

Kuanzia siku hiyo Nyanzala akawa mwalimu wake. Alimfundisha Kisumbwa, alimfundisha kubandua magome ya mti kwa ajili ya mizinga, na alimfundisha kunyamaza, jambo ambalo Mama Zipora anakiri kwamba hakulielewa vizuri sana. Miaka ikapita. Alihubiri akiwa amebeba nta, alisali na wagonjwa, alizika wafu. Hakuna aliyeomba ubatizo. Jimbo lilimtumia ujumbe mara mbili kwamba akitaka kurudi, hatalaumiwa. Alijibu kwamba hajamaliza kujifunza lugha.

Kisha ukaja mwaka 1969, na mwaka huo ndio sababu leo tunamwimbia.

Masika ya mwaka ule, mtoto wa kiume wa bwana mmoja aliyeitwa Masele alianza kusinzia mchana. Alisinzia akila, akasinzia akichunga mbuzi, akakonda, mwisho akalala asiamke tena. Walikuwa hawajamaliza matanga, dada yake aliyeitwa Kabula, aliyekuwa anaanza kupoteza meno ya utotoni, naye akaanza kusinzia vilevile. Msitu ule una mbung'o wengi, na leo sote tunajua kwamba ndio wanaoambukiza malale. Lakini baba aliyekwisha kuzika mtoto mmoja na kuona wa pili anakwenda njia ileile hatafuti mdudu, anatafuta mtu aliyemroga. Jina la Nyanzala likaanza kutajwa. Alikuwa mzee, hana mume, macho yake mekundu kwa moshi wa kurinia, na mizinga yake ilijaa asali wakati ya wengine ilikuwa mikavu.

Nyanzala alikimbilia kwa Zipora. Asubuhi, jua limeshapanda, Masele akaja na ndugu zake, mapanga mkononi.

"Mama Mwinjilisti, tupishe," alisema. "Na wewe hatuna neno. Tunamtaka huyo bibi."

Zipora alikuwa mlangoni. Ametusimulia mara nyingi kwamba alishika mwimo wa mlango si kwa ushujaa, bali ili asikimbie.

"Kabula yuko wapi?" aliuliza.

"Amelala."

"Kama alivyolala kaka yake?"

Masele alilihamishia panga mkono wa pili.

"Baba Kabula," Zipora aliendelea, "mkimkatakata huyu bibi hapa mlangoni kwangu, mtoto ataamka? Mimi nimeona ugonjwa huu. Kuna dawa yake hospitali, Kahama. Nipe mtoto nimpeleke."

"Na wewe ukiondoka, huyu atatoroka."

Hapo Nyanzala akajitokeza mwenyewe nyuma ya Zipora. "Sitoroki," alisema. "Nitakwenda nao. Nitampakata mtoto mimi. Uje na wewe, Masele, na panga lako. Akifia mikononi mwangu, nifanye unavyotaka, hata palepale njiani."

Mama Zipora anasema hakuwa amelitarajia jambo hilo, na kama angeulizwa angekataa. Lakini Masele akageuka, akaenda kumchukua binti yake.

Walitembea kutwa nzima wakipokezana mtoto hadi barabarani, kwenye ghala la tumbaku. Pale palikuwa na lori la Mzee Akida, mfanyabiashara Mwislamu wa Kahama, limeshapakia na dereva wake Fikirini ameshawasha injini. Zipora akamsogelea mzee.

"Shikamoo, Mzee Akida."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechoka hivyo?"

Alimweleza. Mzee Akida akamtazama mtoto, akamtazama bibi aliyempakata, akaliona na panga la Masele. Hakuuliza zaidi. "Fikirini, zima gari," alisema. "Shusha marobota ya nyuma, tupate nafasi ya mtoto kulala. Tumbaku itangoja." Fikirini alilalamika kwamba mvua italowesha mzigo. Mzee akavua koti lake akaanza kushusha mwenyewe, na Masele akaliweka panga chini ili amsaidie. Mama Zipora anasema aliliona panga lile likibaki kwenye majani wakati lori linaondoka, na hakumkumbusha mwenyewe.

Hospitalini damu ya Kabula ilipimwa, ikaonekana kweli ni malale. Dawa ya wakati ule ilikuwa kali, na mganga hakuwaficha kwamba wapo wanaokufa kwa dawa yenyewe. Masele alitoka nje akakaa chini ya ukuta. Zipora akamfuata, akakaa naye. Alisali kwa Kisumbwa, lugha ambayo kwa wakati huo, kwa maneno ya Masele mwenyewe, aliizungumza kama mtu anayetafuna kokoto. Masele aliniambia miaka mingi baadaye: "Hayo maneno mengi nilikuwa siyaelewi. Lakini niliona analia kwa ajili ya mtoto wangu."

Wiki zikapita. Masele alilazimika kurudi kwenye mashamba, na Nyanzala ndiye aliyebaki. Alilala sakafuni kando ya kitanda, alipika uji, alimgeuza mtoto, alimwimbia. Baba aliporudi alimkuta binti yake amekaa kitandani, macho yameng'aa, anagombana na Nyanzala kwa sababu amenyimwa muwa. Masele alisimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Kabula ndiye aliyemwita: "Baba, mwambie Bibi anipe muwa!"

Jumapili waliyorudi msituni, nyumba ya ibada, iliyozoea kuwa na Zipora, mbuzi na watoto wachache, ilijaa hadi nje. Masele alisimama katikati.

"Nilikwenda kwa mama huyu kuua," alisema. "Yeye akaenda kumponya mwanangu. Mungu aliyemtuma huyu Zipora namtaka na mimi." Kisha akamgeukia Nyanzala, akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Watu walianza kulia. Nyanzala akamwinua kwa mkono. "Wabeja, mwanangu," alisema, yaani ahsante. "Simama. Kabula ana njaa, imbeni upesi tukale."

Ndivyo uamsho ulivyoanza. Uliwaka katika miji yote ya msitu kwa miezi mingi. Watu waliungama hadharani, waliokuwa hawasemezani wakapatana, mali zilizoibwa zikarudishwa. Bwana mmoja, katika bidii ya wokovu, alirudisha mizinga aliyoiba akiileta ibadani begani, nyuki wakiwa bado wamo. Kusanyiko zima lilitawanyika kabla ya sala ya kwanza, na mara hii Mama Zipora hakuwa wa kwanza kufika bwawani, alikuwa wa pili. Mwisho wa mwaka ule mchungaji alikuja kubatiza, na foleni ilianzia bwawani ikaishia ndani ya msitu.

Nyanzala hakuwemo. Zipora alimwuliza sababu kwa uchungu, akajibiwa hivi: "Wenzangu wanamkimbilia Mungu wako kwa kuwa mtoto amepona. Mimi nataka nimjue vizuri, ili hata kama mtoto angekufa nisimwache." Alibatizwa mwaka 1972, na Mama Zipora husema kwamba mahubiri yake yote hayajawahi kufikia maneno hayo.

Jambo moja zaidi nalo halina budi kusemwa. Tangu mwaka ule hakuna bibi aliyeguswa kwa tuhuma za uchawi katika miji ile. Mtu akianza kusinzia, anabebwa kwenda hospitali, na wakati wa tumbaku gari la Mzee Akida lilikuwa halidai nauli ya mgonjwa, awe wa dini yoyote. Miji ilipohamishiwa kijiji kimoja mwaka 1974, Wakristo walibomoa kanisa lao mti kwa mti, wakalibeba vichwani kwa nyimbo, wakalisimamisha upya kabla hawajamaliza nyumba zao wenyewe. Leo msitu ule una wainjilisti wazawa, wanaohubiri kwa Kisumbwa kisicho na kokoto.

Mwaka 1978 jimbo lilimleta Mama Zipora hapa Nyarugusu, kwa hoja kwamba aliyewaweza nyuki atawaweza wachimbaji. Alianzia pale wanawake wanapotwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu vya chuma. Alichukua mchi, akatwanga nao, na nyimbo zikafuata mapigo. Mwaka 1983 duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, lilipobomoka na kuwafukia watu, yeye ndiye aliyewapanga wachimbaji, Waislamu kwa Wakristo, wapokezane kufukua bila ugomvi. Wa mwisho alitolewa akiwa hai, akiuliza nani amechukua sururu yake. Shangwe ya siku ile ilisikika hadi barabarani. Kanisa mlilokaa ndani yake leo limejengwa na mikono ileile iliyofukua.

Kwa upande wa mapungufu, kama alivyoagiza: hajui kuendesha baiskeli, na ameshavunja mbili za jimbo akijaribu. Anaimba nusu toni juu ya kwaya nzima na anaamini kwamba kwaya ndiyo inayokosea. Amewahi kunifokea kwa mahubiri marefu, kisha yeye akahubiri hadi wali wa sikukuu ukaungua. Tumemvumilia kwa furaha, na tungeongeza miaka mingine kama taratibu zingeruhusu.

Sasa anarudi Bugarama, ambako kaka yake amemtengea shamba na nyumba yenye baraza pana. Mama, kwa niaba ya watumishi wenzako, kwa niaba ya kanisa la msituni na la machimboni, tunakushukuru. Ulikwenda mahali ambapo wengine walirudi, na ulikaa. Bwana akupe afya, akupe mavuno, akupe wageni wengi na usingizi mtamu. Nenda kwa amani, mama yetu. Na kama utasikia kelele kubwa kutoka upande huu, usishtuke: ni sisi, bado tunashangilia.

Mwinjilisti Onesmo Valerian,
kwa niaba ya watumishi wa jimbo