Dkt. Angelina Kapinga na Mti Uliosafishwa kwa Heshima Yake

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukodolea macho magome ya miti, Dkt. Angelina Kapinga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alifika hapa Kituo cha Mimea cha Bigwa mwaka 1992 akitokea Mbinga, na sanduku la bati na koti zito, kwa sababu kuna mtu alimdanganya kwamba Morogoro kuna baridi kama kwao. Koti lile lilipata kazi siku alipopelekwa juu Uluguru kwenye ukungu, na tangu siku hiyo hakutaka tena kupangiwa kazi za bondeni.

Wengi wetu tunamwita Mama Magome. Msituni wenzake wakiangalia juu kutafuta ndege na nyani, yeye ameganda kwenye shina moja, lenzi jichoni, pua inakaribia kugusa gome. Anachotafuta ni kuvumwani, yale mabaka ya kijivu na kijani yanayoshika magome, ambayo kwa kweli ni kuvu na mwani walioamua kuishi nyumba moja. Hakuna harusi ya mfanyakazi mwenzetu aliyohudhuria bila kuwausia maharusi waige mfano huo.

Misitu ya juu Uluguru anaiita visiwa. Bahari yake, anasema, ni mashamba na miji, na kiumbe kilichozoea kule juu hakina njia ya kuvuka kwenda kisiwa kingine. Kikipotea pale, kimepotea.

Kuvumwani nyingi zinafanana mno kwa macho, hivyo hutofautishwa kwa matone ya dawa, na moja ya dawa hizo ni jiki, hii hii ya kufulia. Unadondosha tone. Pakigeuka pekundu ni aina hii, pasipogeuka ni ile. Ndiyo maana Dkt. Kapinga hana kitenge kisicho na madoa meupe. Tuliwahi kumchangia kipya cha Krismasi. Alikivaa kazini Januari, na kufikia saa nne asubuhi kilikuwa kimeshafanana na wenzake.

Jiki hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1997 alichukua kipande kidogo cha kuvumwani kwenye mti wa mkani juu ya kijiji cha Kinole, akakidondoshea tone, rangi haikubadilika. Akakiandika kwa jina la kuvumwani ya kawaida inayoota kila mahali, na bahasha ikaingia kabatini. Mwaka 2022 mwanafunzi wake, Doreen, akijifunza kupima, alifungua chupa mpya na kukidondoshea kipande kile kile. Kikawa chekundu. Jiki ya mwaka 1997 ilikuwa imekaa kwenye joto letu la Morogoro mpaka ikaisha nguvu.

Mtu mwingine angerudisha bahasha kabatini na kubadilisha mazungumzo. Yeye aliita idara nzima siku hiyo hiyo, akasema kosa ni lake, na kwamba huenda kwa miaka ishirini na tano amekifungia ndani kiumbe ambacho dunia haijakijua. Tulitaka kucheka. Tulipoona macho yake tukaacha.

Kipande cha kabatini kilikuwa kama ukucha, na hakikuwa na vile vikombe vidogo ambavyo kuvumwani huzalia. Bila kupata nyingine nzima, spishi isingeweza kuelezwa wala kupewa jina. Kustaafu kulikuwa kunakaribia, na goti lake la kulia limeanza kugoma. Alituambia wazi kwamba anaogopa kuondoka akiwa ameacha jina la uongo kwenye ile bahasha.

Basi mwaka 2023 tukampigia simu Mzee Shabani wa Kinole, mkulima wa mdalasini na mafenesi, ambaye shamba lake limepakana na msitu na ule mkani uko mpakani. Tukamwambia Daktari anakuja kuuangalia mti wake. Sasa, mkulima wa mdalasini kabla ya kumenya hukwangua kwanza gome la nje mpaka lipendeze. Mzee Shabani akaona ni aibu mgeni wa heshima akute mti una ukurutu. Akaukwangua kuanzia chini hadi mkono ulipofika, kisha akaumwagia maji.

Tulipofika, mkani unang'aa. Mzee kasimama pembeni na kanzu iliyonyooshwa, anasubiri kusifiwa. Dereva wetu, Selemani, aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka. Doreen alianza kulia.

Dkt. Kapinga alilikagua shina kwa lenzi yake. Kisha akamwamkia mzee, akamshukuru kwa kumwandalia mti, akakaribishwa chai ya tangawizi na fenesi, akala taratibu kabisa. Alipomaliza ndipo akamweleza kwa upole kwamba ule ukurutu ndio alioufuata.

Mzee Shabani akashika kichwa. "Sasa mwanangu, si ungesema! Mie nikajua wataka kuona mti." Akafikiri, akaongeza kwamba uko mkani mwingine huko juu, ila yeye hajawahi kuugusa. "Mchafu hasa ule. Nani atampeleka mgeni kule?"

Tulimsihi abaki chini tumletee vipande. Alikataa. Alipanda mteremko ule akimshika Selemani bega, akipumzika kila hatua chache na kulisema goti lake kwa Kimatengo cha kwao Mbinga. Mkani wa pili ulikuwa umevaa kuvumwani hadi matawini, na vikombe vyake vya kahawia vimejaa. Akatoa chupa mpya ya jiki, akadondosha. Pakawa pekundu. Akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, akalia.

Machi mwaka huu maelezo ya spishi hiyo yalichapishwa. Tulitaka ibebe jina lake, lakini kwa desturi ya kazi hii mtu haipi jina lake mwenyewe spishi anayoieleza. Tukamshauri ajitoe kwenye orodha ya waandishi ili sisi tuweze; alitufukuza ofisini. Imepewa jina la Kinole. Mzee Shabani alisema afadhali haikupewa jina lake yeye, wajukuu wangemwita Babu Ukurutu. Lakini mikani yake sasa haikwanguliwi, na kila mgeni anaambiwa huo si uchafu, ni mambo ya serikali.

Dkt. Kapinga anatuachia makabati yaliyopangwa, wanafunzi walioenea nchi nzima, na amri kwamba kila chupa ya dawa iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Ofisi yake anairithi Doreen. Wiki iliyopita fundi alikuja na msasa na vanishi kuiandaa, na kitu cha kwanza alichokiona ni ile meza yenye madoa meupe ya jiki ya miaka yote hii. Doreen alimshukuru kwa kuja, akamkaribisha chai. Alipomaliza kunywa, akamwomba aiache meza kama ilivyo.

Mama Magome, asante sana. Ukalipumzishe goti huko Mbinga, uwe na afya na furaha, na vitenge vyako vipya vidumu na rangi zake.