Dakika Kumi za Saa Nane Mchana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Meneja wa Mtambo. Wakuu wa idara. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu wa maabara, wa mabomba na wa getini. Wanangu wawili mlioomba ruhusa kazini kwenu ili mje mnione navishwa shada la kustaafu. Na wewe uliyesimama pale mlangoni na ovaroli yako, maana zamu yako inaanza saa nane kamili na hujawahi kuchelewa hata siku moja: habari za mchana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naambiwa leo ndiyo mara yako ya kwanza kufika kwenye pampu namba mbili. Karibu sana. Umekuwa Mwenyekiti wetu miaka sita, kwa hiyo tusikulaumu, huenda njia ilikuwa mbovu. Nawe Ndugu Meneja, nakushukuru kwa zawadi. Nimefanya kazi kwa kuitazama saa ya ukutani miaka thelathini na mitatu, na leo ninaondoka mmenipa saa ya ukutani. Nitaipokea kwa mikono miwili, nitaitundika, ila msije mkaniuliza nimeitundika chumba gani.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba nina dakika kumi za kuzungumza. Nimecheka, na wanaonijua wamejua kwa nini. Ndugu zangu, dakika kumi ndizo nilizoishi na mume wangu.

Wageni hamtanielewa, ngoja niwaeleze. Pampu namba mbili ndiyo inayopandisha maji kutoka hapa mpaka kwenye tangi kubwa, na kutoka tangi kubwa mpaka kwenye mabomba yenu. Haiachwi peke yake hata dakika moja. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nane mchana. Mume wangu, yule pale mlangoni ambaye nyie mnamwita Bwana Sawasawa, alikuwa zamu ya mchana, saa nane mpaka saa nne usiku. Alinikuta hapa kazini, yeye mgeni, hajui hata kusoma geji ya presha, nikamfundisha mimi. Ndiyo, nimemzidi miaka miwili, ndiyo maana leo nastaafu nikimwacha kazini. Sasa mmejua, na yaishe.

Tulipopata watoto tukasema zamu hizi zinatufaa, maana mzazi mmoja atakuwa nyumbani muda wote. Na kweli, wanangu hawa hawakulelewa na jirani hata siku moja. Lakini hebu fikirini: akirudi yeye, mimi nimelala kwa sababu naamka saa kumi alfajiri. Nikitoka mimi, yeye amelala. Siku yangu ya mapumziko Jumanne, natoka kwenda sokoni na kliniki kabla hajaamka; yake Alhamisi, nikirudi mimi yeye anakwenda shambani. Likizo hatukuweza kuchukua pamoja, kwa kuwa mtu wa akiba ni mmoja tu, na mmoja hawezi kushika nafasi mbili. Nimelala na mwanamume huyu miaka thelathini na mmoja, nawaambia ukweli, lakini kuwa macho naye, ni kidogo sana. Nyie vijana wa maabara acheni kucheka, mna wake na waume nyumbani.

Tulichokuwa nacho ni zile dakika kumi za kupokezana. Na pampu ile ina kelele, hata ukiongea unapiga makelele, kwa hiyo bosi wetu wa kwanza alituwekea utaratibu: unataja mambo manne tu. Presha, klorini, kina cha tangi, na hitilafu kama ipo. Ukirefusha maneno, mwenzako anakukata kwa neno moja: "Fupisha!" Kisha mpokezi anaandika kwenye daftari "Kila kitu kiko sawa," anatia saini, na wewe unaondoka.

Basi mambo ya nyumba yetu tuliyapitisha humo humo. "Presha nne, klorini sawa, tangi limejaa, mdogo ana homa, dawa iko juu ya kabati." Fupisha. "Presha tatu na nusu, klorini sawa, tangi robo tatu, mwalimu anakutaka shuleni." Fupisha. Siku moja nilimpigia kelele sikioni, "Presha nne, klorini sawa, tangi nusu, nina mimba!" Bwana Sawasawa akanitazama, akatazama geji, akachukua kalamu, akaandika "Kila kitu kiko sawa," akatia saini. Dada wa maabara alikuja kulikuta daftari lile stoo miaka baadaye, na saini yenyewe imetoka nje ya mstari, imepanda juu kama imeandikwa na mtoto. Mimi sikuiona saini hiyo siku ile, kwa sababu nilikuwa nakimbilia nyumbani.

Na siku nyingine ni yeye aliyekuja na habari. Alifika saa nane kasoro dakika kumi kama kawaida. Nikamtajia yangu matatu, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Mama amefariki." Nikamshika mkono. Tulisimama hivyo mpaka saa ikafika, nikamwambia nenda, nitakaa mpaka mtu wa akiba aje kushika zamu yako. Akaenda. Mtu wa akiba akashika zamu yake, nami nikabaki na yangu, kwa kuwa hapakuwa na wa tatu. Alimzika mama yake peke yake, ndugu zangu, na mimi mkewe nilikuwa hapa nawasukumia maji. Niliyakosa machozi yake, na mpaka leo sijui alilia wapi.

Mtaniuliza, je, watoto walipokua na kuondoka, hamkuomba kubadilishiwa? Meneja wa wakati ule, Mungu ampe maisha marefu, alituuliza. Nikamwambia, "Muulize mwenzangu." Akaenda kumuuliza mwenzangu, naye akasema, "Muulize yeye." Meneja akaona hawa wamependezwa na zamu zao, akafunga faili.

Sasa niwasimulie safari yetu, maana ndiyo iliyonisimamisha hapa. Miaka kumi na mmoja iliyopita, pampu ilizimwa siku tatu kubadilisha bomba kuu, mafundi wa nje wakashika mtambo, na sisi wote wawili tukawa huru kwa mara ya kwanza. Ikaangukia juma la kutimiza miaka ishirini ya ndoa. Watoto wakatubebesha mabegi karibu kwa nguvu, tukapanda basi Ijumaa asubuhi mpaka nyumba moja ya wageni huko milimani, kupumzika mpaka Jumapili.

Tulipoingia chumbani, mnadhani tulifanya nini kwanza? Acheni mawazo yenu. Tulifungua bomba. Mume wangu alikinga maji kiganjani, akayanusa, akaninusisha. Nikasema, "Klorini imezidi." Akasema, "Na presha haina nguvu." Akashuka mapokezi kuuliza tangi lao lina kina gani, na yule dada wa watu akadhani tumetumwa na serikali, akatubadilishia chumba na kutupa chenye kibaraza. Hivyo ndivyo tulivyopata kibaraza.

Jumamosi tukakaa pale kibarazani, viti viwili na meza ndogo katikati, chai kwenye chupa. Nilikuwa nimevaa gauni ambalo hakuwahi kuniona nalo, si kwa kuwa lilikuwa jipya, bali kwa kuwa nililivaa siku za Jumanne. Akasema, "Hilo gauni la nani?" Nikasema, "La mkeo." Tukacheka. Nikamwona ana mvi nyuma ya sikio ambazo sikujua ziko. Ndugu zangu, nilimtamani mume wangu siku ile kama msichana, akiwa amekaa mbele yangu, hatua moja tu, na sikujua nianzie wapi.

Tukaanza kuzungumza. Watoto, paa la nyumba, mjomba na kesi yake ya kiwanja. Kufumba na kufumbua tumemaliza. Nilitazama saa, ilikuwa dakika kumi barabara. Hatukupanga. Kila mtu akashika kikombe chake, mimi nasugua meza ambayo haikuwa na uchafu.

Ndipo akavuta kiti, akakiweka karibu na changu. Mtu huyu hasogezi kiti ovyo. Akasema, "Mke wangu, kuna jambo nimekuwa nikitaka kukwambia tangu siku nyingi. Sijui hata niliseme vipi. Unajua, mimi kila siku nikiwa nakuja kule pampu, kabla sijafika getini, huwa…" Akatazama mikono yake. Na mimi, mimi mwanamke niliyesubiri miaka ishirini, nilitazama saa, ilikuwa inakaribia saa nane, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Fupisha."

Sikukusudia. Naapa sikukusudia. Lilitoka jinsi pumzi inavyotoka. Naye akanyanyua macho, akatabasamu kidogo, akarudisha kiti mahali pake. Akasema, "Basi. Kila kitu kiko sawa."

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza, "Jana ulitaka kusema nini?" Akaniambia amesahau. Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanamume huyu ukimuuliza leo presha ya pampu siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, atakutajia. Huyo ndiye aliyesahau.

Miaka kumi na mmoja nimetembea na ile sentensi yake iliyokatika. Kabla hajafika getini, huwa anafanyaje? Huwa anasimama? Huwa ananihurumia, ananichoka, anajuta kunioa? Huwa anachana nywele? Nimeimalizia mimi mwenyewe kwa namna zote, nzuri na mbaya, nikiwa napika, nikiwa nafua, nikiwa nimefumba macho usiku na yeye ananyata asiniamshe, na mimi wala sijalala. Nikisikia hatua zake nasema leo atasema. Anaweka viatu chini polepole, anajifunika, analala. Kumkosa mtu aliye mbali ni jambo linaloeleweka, watu watakupa pole. Lakini nani wa kukupa pole kwa kumkosa mtu ambaye blanketi lenu ni moja?

Jumamosi hii tunatimiza miaka thelathini na mmoja. Tangu leo mimi si mtu wa zamu. Yupo binti huyu aliyekaa mstari wa pili, nimemfundisha miezi minne, anaijua pampu kuliko ninavyomjua mimi mume wangu. Mtu wa akiba yupo. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Ndugu Meneja kumwombea mume wangu ruhusa ya siku tatu, na Meneja hakuuliza hata swali, akatia saini hapo hapo. Ndugu Meneja, kwa hilo nakushukuru mbele za watu, na lile neno langu kuhusu saa ya ukutani nalifuta.

Saini iliyobaki ni ya mwombaji. Fomu iko kwenye mfuko wa ovaroli ile pale, mfuko wa kushoto, siku ya nne leo. Nikimuuliza ananijibu, "Tutaona." Wafanyakazi wenzangu, msimgeukie hivyo, mnamtia aibu.

Baba watoto, sikupandi kichwani mbele za watu, wala sikuombi uje hapa mbele. Naongea humu ukumbini kwa sababu ndimo nilimopewa nafasi ya kuongea na wewe huku hakuna pampu inayonguruma na wewe ukiwa huna daftari mkononi. Najua unachokiogopa, kwa kuwa nami nakiogopa. Unaogopa tutakaa kwenye viti vile, tumalize ya watoto na ya paa, kisha tutazamane kama watu waliokutana kituoni. Huenda ikawa hivyo. Tutanyamaza, na tukinyamaza tutakuwa tumenyamaza pamoja, jambo ambalo hatujawahi kulifanya tukiwa macho bila kutazama saa.

Nilikukata kauli, mume wangu. Ulisogeza kiti nami nikakurudisha kazini. Nakuomba radhi, mbele ya wanao na mbele ya watu tuliofanya nao kazi, kwa kuwa nyumbani nimejaribu mara nyingi na kila mara nimekuta umelala au nimechelewa. Ulilotaka kuniambia, kama ni jema, nalihitaji. Kama ni lawama, nalihitaji zaidi. Kama kweli umelisahau, anza lingine lolote, hata la bei ya mabati, nitakaa. Sitavaa saa.

Basi linaondoka Ijumaa saa tatu asubuhi. Nimekata tiketi mbili, viti vya pamoja, na wewe ndiye utakayekaa dirishani. Usipokuja nitakwenda vilevile, nitakaa kwenye kibaraza kile, na hicho kiti kingine sitaruhusu mtu akichukue.

Naona unatazama saa. Ni saa nane kasoro dakika nne, nenda, wala usinijibu sasa. Watu wanataka maji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Meneja, ndugu zangu nyote: dakika zangu zimekwisha zamani, nimezipita karibu mara mbili, na hakuna hata mmoja wenu aliyenikatiza. Asanteni sana kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Ni jambo dogo mno, na ndilo ambalo sikumfanyia mume wangu.