Dereva Aliyekataa Kusafirishwa: Maisha ya Marehemu Melkiori Damasi Kavishe, 1957–2024

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Magomeni, na nyinyi madereva mlioegesha malori kando ya makaburi mkaziba njia ya watu: poleni, na asanteni kwa kuja. Familia imeomba jambo moja lisemwe kabla ya tarehe na miaka. Marehemu alikuwa mwoga. Aliogopa lori, aliogopa mteremko, aliogopa dereva mwenye haraka na utingo mwenye furaha. Ni woga huo uliotuleta hapa Kinondoni leo, Jumatatu tarehe 18 Machi 2024, wakati wengi wenu mlijua kuwa saa hizi mngekuwa Rombo mkiuliza kama mbege, ile pombe ya ndizi, imeiva. Mchaga kuzikwa Dar es Salaam si habari ndogo. Tumewasikia mkinong'ona tangu Ijumaa, na baadhi yenu hamjui kunong'ona. Wasifu huu utaeleza.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 6 Januari 1957 katika kijiji cha Mashati, Rombo, mtoto wa tatu wa Mzee Damasi Kavishe na Mama Anastazia, ambao wote wametangulia. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mamajusi, na padri aliyembatiza hakusumbuka kutafuta jina: Gaspari na Baltazari walikuwa wameshachukuliwa na majirani, likabaki Melkiori. Alikua akikata majani ya ng'ombe na kuogopa giza, mbwa na bibi yake, ingawa bibi ndiye alikuwa wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Elimu yake kubwa, hata hivyo, aliipata mwaka 1969, akiwa darasa la tano, na wala haikutoka kwa mwalimu. Lori la kahawa liliegeshwa juu ya mlima nyuma ya shule, dereva akaenda kunywa chai. Alikuwa ameamini breki ya mkono, jiwe la kuweka chini ya gurudumu akalisahau. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori lile lilipoguna, likaanza kushuka bila mtu ndani. Marehemu alisema katika maisha yake yote hakuona kitu cha kutisha kama ule usukani uliokuwa ukizunguka wenyewe, polepole, kana kwamba kuna aliyekaa pale na anajua anakokwenda. Walikimbia. Gurudumu lilipita palepale walipokuwa wamenyoosha miguu, lori likavuka uwanja na kulala juu ya choo cha walimu. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka humo punde tu, na kuanzia Jumapili iliyofuata hakukosa misa.

Hapo ndipo marehemu alipopata msemo ambao wanafunzi wake wote wanaujua. Gari likiegeshwa halijasimama, limepumzika tu. Linasimama siku lina jiwe chini ya gurudumu.

Mwaka 1975 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwa ndugu wa mama yake Magomeni Mapipa, na akaanza kazi ya utingo Kariakoo. Mtu anayeogopa malori kwenda kufanya kazi kwenye malori ni jambo ambalo hata yeye hakulieleza vizuri. Alisema mnyama unayemwogopa ni afadhali umwone alipo. Mwaka 1982 alipata leseni ya magari makubwa na kuajiriwa na Mzee Arvind, mwenye duka la jumla la sufuria Mtaa wa Aggrey, ambaye yupo nasi hapa pamoja na mwanawe Urvish. Lori la sufuria lina faida moja: likikimbia, Kariakoo nzima inasikia. La marehemu halikuwahi kusikika. Mzee Arvind anakumbuka alivyomlalamikia, kwamba ng'ombe anayetembea kwa miguu atafika Morogoro kabla yake. Marehemu akamjibu kwa heshima kwamba ni kweli, ng'ombe atafika, ila hajafundishwa kubeba sufuria.

Alishuka kila mteremko kwa gia nzito, akisikiliza injini inavyolia, mguu ukigusa breki kidogo na kuachia ili zisipate moto. Wenzake waliweka nyutro, lori lishuke lenyewe bila gia, ili kuokoa dizeli. Yeye alisema anayeweka nyutro mteremkoni amempa shetani usukani, na yeye mwenyewe amegeuka abiria.

Jumamosi tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa na Euphrasia katika kanisa la Magomeni. Bibi harusi alisubiri mlangoni kwa muda, akiwa na wasiwasi kwamba ameachwa. Hakuwa ameachwa. Bwana harusi alikuwa chini ya gari la maharusi, ndani ya suti ya kuazima, akikagua nati za magurudumu. Moja aliikuta imelegea, na kwa miaka yote ya ndoa kila Euphrasia alipomlaumu kwa mkono wenye grisi uliomvisha pete, alimuuliza: "Mama Hillary, ungependa mkono msafi au mume mzima?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Hillary na Jacqueline.

Sasa tufike pale ambapo familia haipendi kufika.

Mwezi Agosti 1998 alifariki shangazi wa marehemu hapa mjini, na kama ilivyo desturi yetu, msafara ukaandaliwa kumpeleka Rombo. Dereva wa gari lililobeba jeneza alikuwa mdogo wake marehemu, Isidori. Isidori alikuwa dereva hodari, na alikuwa ameukesha msiba wote: ndiye aliyepokea wageni, ndiye aliyefuata jeneza, ndiye aliyekuwa akiambiwa "kijana, lala kidogo" na kila mtu, kisha akatumwa tena. Waliondoka alfajiri. Marehemu alikuwa gari la nyuma. Watu hudhani usingizi ni wa usiku, lakini ule ulikuja asubuhi, jua limetoka, barabara imenyooka, hakuna kona wala mvua. Marehemu aliliona gari la mbele likianza kuhama upande wake taratibu, kama mtu anayemsogelea mwenzie amwambie siri. Alipiga honi. Aliendelea kupiga honi hata baada ya kila kitu kwisha, mpaka wakamtoa mkono juu yake.

Isidori alifariki pale pale, na watu watatu waliokuwa naye. Jeneza halikupata mkwaruzo. Shangazi alikuwa mtu pekee kwenye gari lile aliyefika salama. Ukoo ulikwenda kuzika mmoja, ukazika watano, na mwaka uliofuata msafara mwingine uliondoka kwa mwendo ule ule.

Marehemu hakuendesha kwa miezi mingi. Aliporudi, aliomba lori moja tu, lile kuukuu la sufuria ambalo Mzee Arvind alikuwa anataka kuliuza chakavu. Aliliegesha kwenye yadi Buguruni, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akaanza kufundisha.

Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba wiki ya kwanza hakuna aliyegusa ufunguo. Mwanafunzi alilizunguka lori kila asubuhi akitumia mikono: nati, matairi, taa, mipira ya upepo wa breki, kamba za mzigo, pembetatu za kuweka barabarani, mtungi wa kuzimia moto. Alimwaga maji kwenye matangi ya upepo na kuyaonyesha, kwa sababu, alisema, maji hayo hukaa kimya mpaka siku unapokanyaga breki. Sheria za barabarani aliwafundisha kwa kuwasimulia aliyekufa kabla sheria haijaandikwa. Ukomo wa mwendo ulikuwa na maiti wake, uzito wa mzigo ulikuwa na wake, na saa za kupumzika zilikuwa na Isidori. Dereva asiyelala alimwita maiti mwenye leseni.

Awadhi, ambaye leo anaendesha semi hadi Tunduma, alitusimulia msibani jinsi alivyofanyiwa. Alikuja akiwa ameshaendesha magari ya mchanga bila leseni na anajiona mkali. Marehemu akampandisha kwenye kiti, akamwambia atazame vioo vyote kisha aseme kama anaona mtu. Awadhi akatazama kwa madaha. "Mwalimu, hapa kweupe kabisa. Naondoka."

"Shuka kwanza," marehemu akasema.

Awadhi akashuka. Ubavuni mwa lori, karibu na gurudumu la mbele, ambako vioo havifiki, walisimama mama muuza maandazi, mbeba mizigo na mkokoteni wake, na mama Awadhi mwenyewe, aliyeitwa kutoka Buguruni Malapa bila mwanawe kujua, akiwa ameshika kikapu.

"Hao ndio kweupe kwako," marehemu akamwambia. "Msalimie mama yako, maana umeshamuua."

Awadhi anasema hakulala usiku ule, na mpaka leo haondoi lori bila kushuka kwanza kumtafuta mama yake ubavuni.

Binti yake Jacqueline alijifunza kwenye lori hilo hilo. Marehemu alimfelisha mara mbili bila aibu, na mama yake akagoma kupika. Mara ya tatu alimpitisha, akaenda nyuma ya yadi, akatapika. Leo Jacqueline ana leseni daraja E na anavuta kontena, na marehemu hakuwahi kumaliza safari moja ya mtoto huyo bila kukaa na simu mkononi.

Mwaka 2015 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na kisukari kikaanza kula macho. Asubuhi moja ya mwaka 2021, akiwa mlangoni pa nyumba yake Magomeni, alishindwa kusoma namba ya bajaji iliyosimama ng'ambo ya barabara. Hakuna trafiki aliyemkamata wala daktari aliyemkataza. Aliingia ndani, akamkabidhi mkewe leseni, akamwambia aifiche na asimpe hata akilia. Mama Euphrasia aliifukia kwenye ndoo ya unga. Marehemu alilia mara kadhaa, hakupewa.

Januari mwaka huu, miguu ikiwa imeshakataa, alimwita kaka yake mkubwa, Mzee Ignasi, anayetunza kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo ambamo baba, mama na Isidori wamelala. Akamwomba azikwe Dar es Salaam. Mzee Ignasi aliwaka. Alimwambia kwamba Mkavishe haachwi mjini kama mzigo uliokosa mwenyewe, na kwamba atawajibu nini wazazi huko waliko.

"Kaka, mimi siogopi kufa," marehemu akasema. "Naogopa nyie mtakaonipeleka. Nitakuwa nimelala kule nyuma, siwezi kuwapigia honi."

Mzee Ignasi akakataa. Ndipo marehemu alipoinama kwenye kopo lililokuwa kando ya kitanda, ambamo Mama Euphrasia alikuwa amepanda sale lililotoka Mashati. Wasio Wachaga mtuwie radhi: ni mmea wenye majani marefu, na mtu akikupa jani lake akikuomba jambo, humnyimi, hata kama amekuulia mwana. Alilikata jani, akalifunga fundo, akamnyooshea kaka yake.

Mzee Ignasi aliikalia mikono yake. "Melkiori, umenionea."

"Nimekufunga breki, kaka."

Akalipokea.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2024 hospitalini hapa jijini, mkewe akiwa pembeni yake. Kufikia jioni kamati ya mazishi ilikuwa imeshakodi basi, kwa sababu ukoo wetu huanza kwa kukodi basi, halafu ndipo huuliza nani amefariki. Ilipangwa kuondoka Jumamosi usiku, mvua za masika zikiwa zimeanza, ili kuwahi ibada ya Jumapili. Na gari la jeneza akapewa Jacqueline, kama heshima. Jacqueline alikuwa hajalala tangu Jumanne, alikuwa amemuuguza baba yake. Aliulizwa mbele ya wazee, na akaitikia, maana nani anakataa kumpeleka baba yake nyumbani? Mama Euphrasia aliona ufunguo ukiwekwa kwenye kiganja cha binti yake. Jacqueline aliupokea huku macho yakimfumba. Hakuna mwingine aliyetazama; watu walikuwa wanabishana kuhusu kreti za bia.

Mzee Ignasi aliingia Ijumaa jioni kwa basi la mchana, akiwa na begi zito. Alisikiliza mipango yote mpaka mwisho. Kisha akatoa mfukoni jani la sale, limekauka, fundo bado lipo, akaliweka juu ya meza katikati ya kamati.

"Nilipewa hili na marehemu mwenyewe, azikwe hapa hapa," akasema. "Asiyeliogopa apande basi."

Hakuna aliyepanda. Jacqueline alirudisha ufunguo, akaenda chumbani kwa mama yake, akalala mpaka Jumamosi mchana. Yupo hapa mbele yenu, mzima, na hicho ndicho marehemu alichokuwa anakiomba.

Marehemu ameacha mjane, Euphrasia, watoto wawili, Hillary na Jacqueline, wajukuu watatu, kaka yake, Ignasi, dada zake, ambao sisi tunaosoma wasifu huu ni wana wao, na madereva wengi walio hai. Wale Mamajusi wa siku yake ya kuzaliwa, tunasimuliwa, walionywa wakiwa wamelala, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Naye atarudi hivyo hivyo. Lile begi la Mzee Ignasi lilikuwa na jiwe kutoka kihambani, lililokuwa miguuni pa kaburi la mama yao. Baada ya udongo, Jacqueline atalipanda sale la kopo kichwani pa baba yake, na Mzee Ignasi ataliweka jiwe miguuni.

Chakula kiko Magomeni. Ni karibu, hakuna haja ya kukimbia. Zungukeni magari yenu kwanza, na anayesinzia abaki hapa na marehemu mpaka usingizi umwishe, hawatagombana.

Apumzike kwa amani Melkiori wetu. Jiwe liko chini ya gurudumu. Sasa amesimama.