Niiteni Mama Shivachi

Wale wa Bwana asifiwe, na asifiwe. Wale wa salaam aleykum, aleykum salaam. Na wale mliosikia kuna chai na mandazi mkaamua kufika, karibuni pia, ila chai itangoja kidogo, maana nimepewa maiki na wanaonijua wanajua huwa siiachilii haraka.

Mimi ni fundi wa nguo pale Amalemba. Kama una mtoto katika shule hii, kuna uwezekano mkubwa sketi yake au suruali yake imepita chini ya sindano yangu, na kama pindo limefumuka, tafadhali usiniambie leo. Leo shule yetu inawakumbuka wanafunzi, walimu na wafanyakazi waliotangulia, na mimi nimeombwa niseme nilivyoanguka mwanangu alipofariki, na nilivyoinuka. Walionisaidia sitawataja kwa majina, kwa sababu wengine wameketi hapa na ni watu wa haya. Mwanangu nitamtaja. Aliitwa Shivachi.

Alikuwa kifungua mimba wangu. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao nyumba nyingi za huku zinaujua. Kulikuwa na wiki za maumivu na kulikuwa na wiki za kawaida, na katika zile za kawaida hukuweza kumshika. Mwembamba, maneno mengi, na obusuma, ugali wetu wa huku, alikula kama mkata miwa. Alipofika kidato cha pili akaingia kikundi cha isukuti cha shule. Wageni wetu wa mbali, isukuti ni ngoma zetu, kubwa, ya kati na ndogo, zinaning'inizwa begani na kupigwa kwa mikono, na huku kwetu harusi au matanga bila hizo watu watasema mmeficha jambo. Yeye alipewa ile ndogo yenye kelele nyingi. Nikamwambia, "Wewe na hiyo damu yako, utaweza kuruka na hicho kitu?"

Akanijibu, "Mama, mikono haina shida. Miguu nitaidanganya."

Alituacha akiwa kidato cha tatu. Ilikuwa asubuhi, hospitalini, na hiyo asubuhi sitaisimulia. Tulimzika nyumbani kwetu karibu na Bukura, na mazishi yalikuwa makubwa. Shule ilikuja na basi lake, wapigaji wa kijijini walipiga isukuti mpaka viganja vikavimba, wanawake waliimba, watu walilia kwa sauti jinsi inavyotakiwa. Ndugu zangu, mimi nawaambia ukweli ambao wengi hawasemi: mazishi si magumu. Mazishi yana watu. Kigumu ni ile wiki hema limerudishwa kwa mwenyewe, na viti, na sufuria za jirani, na wewe unabaki na kijiko kimoja ambacho hujui ni cha nani.

Hapo ndipo kimya kilipoingia.

Mnajua desturi yetu. Mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Tangu nikiwa msichana wa juzi juzi nimeolewa, mimi niliitwa Mama Shivachi. Sokoni, kanisani, kwenye chama, hata wanaonidai suruali zao waliniita hivyo. Basi siku moja niko sokoni nanunua ndizi, jirani yangu, mwanamke mwema sana, akanisalimia, "Mama Muhonja, habari ya asubuhi?" Nikageuka nyuma nimwone huyo Mama Muhonja ni nani.

Kumbe ni mimi. Muhonja ni binti yangu wa pili. Nadhani walikuwa wamekaa mahali bila mimi wakaona kwamba jina la marehemu litanichoma kila wakinisalimia, afadhali wahamie kwa aliye hai. Kabla mwezi haujaisha, mtaa mzima ulikuwa umehama. Mzee wangu naye, aliyekuwa akiniita Mama Shivachi hata akiwa amekasirika, akaanza kuniita "wewe". Nilikuwa nikikuta watu wanaongea, wananiona, wanaanza habari za mvua.

Walinipenda. Hilo silikatai. Lakini nilikuwa na hasira, ndugu zangu. Nilihisi mwanangu anazikwa mara ya pili, na safari hii anazikwa kwa adabu. Nikasikia shule imeenda mashindano ya muziki bila isukuti, wamebeba kinanda. Nikasema, sawa, hata huko wamemfuta.

Nikaacha kazi. Kila nikitandaza kile kitambaa cha kijani cha shule, mkasi ulikuwa unagoma mkononi. Nikafunika cherehani kwa shuka, wateja wakaenda kwa mafundi wengine, na sikujali. Kwaya niliiacha. Nilikuwa nashinda nimelala, nimevaa sweta lake, na mchana kuna jua la kukausha mahindi. Mchungaji alikuja akaomba. Aliomba vizuri, lakini hata yeye katika maombi alisema "kijana wetu". Jina hakulitaja.

Muda ukaenda hivyo, mpaka Muhonja akajiunga na kidato cha kwanza, shule hii hii. Siku moja alasiri tulikuwa jikoni tunachambua mrenda. Akaniambia bila kuniangalia, "Mama, ngoma ya kaka iko kwa stoo."

"Inafanya nini kwa stoo?"

"Imefungwa na leso. Hakuna mtu anaigusanga. Wanasema mpaka mtu wa kwao aje aifungue."

"Na kwa nini hawajaniita?"

"Mwalimu anaogopa utaumia."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Mimi pia niliogopa utalia."

Nikamwambia, "Mimi silii," na machozi yanaingia kwenye mrenda.

Nikaelewa kila kitu nikiwa pale pale kwenye kigoda. Wale watoto walikuwa wanafuata mafunzo ya nyumbani kwao, kwamba kitu alichokipenda marehemu hakishikwi ovyo, watu wake ndio huja wakakiachilia. Mwalimu wao wa muziki akawaheshimu. Akaniheshimu na mimi, kwa hiyo hakuniita. Na mimi niko Amalemba nimenuna, nangoja shule imkumbuke mwanangu. Heshima imejaa pande zote mbili, na isukuti ya shule nzima imekufa, maana hizo ngoma hazipigwi moja ikikosekana.

Kesho yake nikaoga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaja. Langoni mlinzi akasema, "Karibu, Mama Muhonja." Nikaitikia, nikapita. Mwalimu wa muziki akanipokea kama mtu aliyeshika yai, "Mama Muhonja, karibu, keti, pole, tukuletee chai?" Nikamwambia chai baadaye, nimefuata ngoma.

Stoo ikafunguliwa. Ilikuwa juu kabisa ya rafu, imefungwa vizuri na leso ya manjano. Nilipoifungua nikaona kamba ya begani, imechakaa pale ilipokuwa inamkaa. Nikaipapasa pale palipochakaa. Mwalimu akataka kuirudisha, nikamwambia aache.

Ngozi ilikuwa imelegea kwa sababu ya unyevu wa stoo. Ngozi ya kenge ikilegea hivyo, ngoma hailii, inakohoa. Lazima ipate joto kwanza. Tukaibeba mpaka jikoni, wapishi wakatusogezea kuni, tukaiweka karibu na moto tukiigeuza. Ilikuwa saa ya mapumziko. Wanafunzi wakaanza kuja, wamesimama mbali mbali na vikombe vyao vya uji. Wote walijua ile ni ngoma gani.

Sasa, kidesturi kazi yangu ilikuwa ndogo. Ningesema tu, "Chukueni, pigeni," ningekuwa nimemaliza, nirudi nyumbani. Na mnajua vizuri kwamba ngoma ile kijijini ni ya wanaume, hata kama hapa shuleni wasichana nao hupiga. Mwanamke kazi yake ni kuimba na kutikisa mabega. Sijui ni nini kiliniingia. Nikaitoa motoni, nikaivaa begani, nikaipiga.

Ndugu zangu, niliipiga vibaya. Mimi mkono wangu unajua gurudumu la cherehani. Nilipiga, nikasimama, nikapiga tena. Walimu wanaangalia viatu vyao. Wapishi wameshika midomo.

Ndipo msichana mmoja, mrefu, wa kile kikundi cha isukuti, akasema, "Mama Shivachi, pole, lakini unapiga kama mtu anafukuza ingokho kwa mahindi."

Wageni wetu, ingokho ni kuku. Mwalimu alimtolea macho yule msichana mpaka nikamhurumia. Mimi nikauliza, "Umeniitaje?"

Akaogopa. "Mama Shivachi. Si ndiyo jina yako? Yeye alikuwanga anakuita hivyo. Tukiegemea ukuta, anatuambia, 'Nyinyi, tokeni kwa hiyo vumbi, hizo sketi ameshona Mama Shivachi.'"

Mnasikia? Nyumbani mtoto huyo hakuwahi kusifu hata kifungo nilichoshona. Alikuwa ananiambia suruali zangu zinabana. Kumbe huku alikuwa askari wa sketi zangu. Hilo neno lilikuwa limekaa katika kichwa cha yule msichana muda wote huo, na mimi nalihitaji kuliko chakula, na hakuna aliyeniletea kwa sababu kila mtu alikuwa ananionea huruma.

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikaketi kwenye gunia la makaa na kitenge changu kizuri. Halafu nikalia, na nikalia kwa sauti, kama tulivyolia Bukura. Wale watoto wakakaribia na vikombe vyao, mmoja akaanza, "Mama Shivachi, unajua alikuwa anaigiza sauti ya mwalimu wa zamu?" Mwingine, "Siku ile tulikwama Lumakanda na basi, yeye ndiye alituimbisha mpaka fundi akamaliza." Kengele ya kuingia darasani ililia, mwalimu mkuu akatoka ofisini kuja kufoka, akaona, akasimama, akabaki amesimama. Yule msichana alichukua ngoma begani kwangu, wenzake wakaleta ile kubwa na ile ya kati, na isukuti ikapigwa pale mlangoni mwa jikoni. Majirani wa shule walidhani kuna sherehe. Walikuwa sahihi.

Nilirudi nyumbani nikasimama sokoni nikatangaza. Nikasema, "Mimi ni Mama Shivachi. Mama Muhonja pia sikatai, lakini muanze na mkubwa." Yule jirani yangu mwema alinishika mkono akalia, akasema alikuwa amechoka kuuma ulimi. Mzee wangu jioni hiyo aliweka kijiko chini akaniambia, "Mama Shivachi, unakumbuka alivyomwogopa bata?" Tukaongea mpaka chakula kikapoa. Kesho yake nikatoa shuka juu ya cherehani. Maumivu hayakuisha, sitawadanganya, kuna siku bado yananilaza. Lakini yananikuta nina kazi mkononi na jina langu.

Kwa hiyo nasema asante. Asante mwalimu wa muziki, ambaye sasa hanishiki kama yai. Asante wapishi kwa moto. Asante mlinzi, ambaye leo amenisalimia kwa jina langu. Asante mzee wangu na binti yangu, waliobeba kimya changu na chao. Na wewe msichana mrefu uliyemaliza shule na umerudi leo kupiga ile ndogo, sina la kukulipa, ila sketi zako utashonewa bure mpaka uolewe. Ukishaolewa tutaongea bei.

Somo langu ni fupi. Aliyefiwa hasahau, kwa hiyo huwezi kumkumbusha. Kila mmoja wenu ana kipande cha mtu aliyeondoka, na aliyefiwa nyumbani hakijui. Mpelekeeni. "Pole" peke yake ni salamu tu.

Na sasa nataka kuongea na baba mmoja aliyeketi karibu na mlango, ambaye binti yake ametutoka muhula huu. Baba, hatujuani. Lakini binti yako alikuja kwangu kupimwa sketi, na akaniomba nimwekee mfuko wa ndani, mahali pasipoonekana. Nikamuuliza wa kuficha nini. Akasema, "Baba yangu hunipa njugu nikitoka nyumbani, na nikifika shule wenzangu wananimalizia. Hizi za baba sitaki kugawa."

Niliushona upande wa kushoto, chini ya mkanda. Ukifika nyumbani, geuza ile sketi utauona.